Kwanza Ng'ombe Ajue Kusimama

Vijana wangu, mkisikia mtu anasema "yule mama ni mpole", mnaona picha gani? Nimewauliza wajukuu wangu, kwa hivyo jibu ninalo. Wanaona mtu asiye na la kusema, amejikunyata kwenye kona ya jiko, ukimkanyaga mguu yeye ndiye anakuomba msamaha. Nilipowasikia nilicheka hadi nikakohoa. Mimi nimefunza ng'ombe kulima tangu nikiwa bibi arusi mpaka meno yakaanza kuniaga, kutoka milima ya Kikima hadi tambarare za Makindu, na sijaona neno linaloonewa kama hilo. Upole mimi nimeusikia kwa masikio yangu ukitetemeka kwenye mnyororo wa plau. Nikianza kuusimulia siwezi kukaa chini, kwa hivyo mnivumilie nikirukaruka.

Kwanza mniulize mwanamke aliingiaje kwenye kazi ya ng'ombe. Aliingia kwa sababu wanaume hawakuwepo. Miaka ile ya sitini, baada ya uhuru, mume wangu Musyoka alikuwa Mombasa kikazi kama wenzake wengi, anakuja nyumbani wakati wa Krismasi na mkate na habari. Shamba lilibaki kwetu wake. Kulima kwa plau kunataka watu wawili: mmoja anatangulia ameshika kamba ya pembe, mwingine anafuata ameshika mikono ya plau. Kwa boma letu waliobaki wenye nguvu walikuwa mimi, shemeji yangu Mutua ambaye ni mdogo wake mume wangu, na baba mkwe wangu, Mzee Nzioka. Mutua alipenda soko kuliko shamba. Kwa hivyo tukabaki mimi na Mzee.

Hapo ndipo penye shida, na nyinyi wa siku hizi lazima niwaeleze. Kwetu Ukambani, mke wa mtoto na baba mkwe hawakuwa wanakaribiana. Tunaita nthoni, ni heshima iliyochanganyika na haya. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani apite. Hushiki mkono wake, huketi alipoketi, humsemeshi uso kwa uso. Wengine walikuwa wameanza kuilegeza, hasa waliookoka, lakini Mzee Nzioka alikuwa mtu wa zamani na aliishika sawasawa. Sasa fikirieni: watu wawili wasiotakiwa kusemezana wamefungiwa kazi moja, mmoja mbele, mmoja nyuma, ng'ombe wawili katikati.

Mzee alipata dawa yake. Alianza kuongea na ng'ombe.

Tulikuwa na maksai mmoja mkongwe, mweusi mwenye kipaji cheupe, anayetembea kwa madaha kama mtu wa ofisi. Jina lake Karani. Siku yangu ya kwanza kushika plau, nimeikamata kwa nguvu zangu zote na bado inarukaruka kama chura, nikasikia Mzee kule mbele, bila kugeuka, anasema:

"Karani, mwambie aliye nyuma yako alegeze mikono. Hiyo plau haitoroki."

Nilitazama huku na huku. Halafu nikaelewa. Nikalegeza mikono, na plau ikatulia kwenye udongo kama imepata mwenyewe. Nikafurahi nikajibu:

"Karani, mwambie Mzee nimesikia."

Basi ikawa hivyo. Karani akawa karani kweli, barua zote zinapitia kwake. "Karani, mwambie huyo mama jiwe liko mbele." "Karani, mwambie Mzee jua limekuwa kali, apumzike." Wapita njia walisimama kwenye ua kutusikiliza wakidhani boma zima limerukwa na akili. Karani mwenyewe anacheua tu. Na mimi nawaambia sijawahi kupata mwalimu kama yule. Mtu anayekufundisha kupitia kwa ng'ombe hawezi kukufokea, maana akimfokea ng'ombe ng'ombe atakimbia. Kila neno alilonipa lilikuwa limepunguzwa ukali kwanza ndipo linifikie.

Ukame ukaja ukamchukua mwenzake Karani. Msiniulize habari za ukame ule, bado nauona ule ugali wa msaada wa rangi ya manjano. Ulipokaribia kwisha tulikuwa na mbegu kidogo, shamba kavu, na ng'ombe mmoja. Plau haivutwi na mmoja kwenye mlima wa Kikima. Ukikosa wa pili unaomba wa jirani, na jirani atalima kwake kwanza, halafu kwa ndugu zake, halafu kwa rafiki zake, na ikifika zamu yako unyevu umeshaondoka ardhini. Kwetu mvua ya Novemba haingoji mtu. Mkikosa kupanda siku za kwanza, mwaka mzima mnaomba.

Mzee akashuka hadi sokoni Salama, akauza mbuzi wake, akanunua dume kwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka upande wa kaskazini, Abdi. Dume jekundu, shingo kama gogo, macho yamejaa weupe. Tulimwita Mwaki, yaani moto. Kabla hajamaliza siku ya kwanza kwetu alikuwa amebomoa ua na kumrusha Mutua kwenye miiba. Mutua alitoka na hasira na kiboko. Akampiga yule dume hadi sisi wanawake tukafumba macho.

Mutua hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Wengi walifunza ng'ombe hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa amefunza wawili wa rafiki yake kwa kiboko, na walivuta vizuri ajabu, hadi siku moja mama fulani akavunja kuni kavu karibu yao. Kwao mlio ule ulikuwa ni kiboko. Walishuka ule mlima na plau nyuma yao kama watoto wanaotoka shule. Iliokotwa chini kabisa, kwenye kunde za mtu mwingine, ulimi wake umepinda. Rafiki yake hakumsemesha kwa muda mrefu.

Sasa Mutua akasema, mbele yetu wote, "Hii dume haiwezi kufunzwa. Nimeongea na mtu wa bucha pale Kikima. Mvua ikinyesha kama bado haijavuta plau, ataichukua."

Pesa ya bucha ingetununulia chakula cha muda mfupi, lakini tungebaki bila ng'ombe wa pili. Jioni hiyo nikiwa nalisha Karani, nikamsikia Mzee upande wa pili wa ua.

"Karani," akasema, "yule Abdi aliniambia hii dume haina ukali. Ina woga. Mwambie huyo mama kama ana mkono wa kujaribu, ajaribu."

Vijana, moyo wangu uliruka. Mimi, nipewe dume zima! Sikulala vizuri kwa furaha, na kwa hofu pia, siwadanganyi.

Nisikilizeni hapa, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Watu wote wanafunza ng'ombe kwenda. Mimi nilijiambia huyu kwenda anajua, tena anajua kupita kiasi. Nitamfunza kusimama. Sikumletea nira, sikumletea mnyororo. Nilimfunga kwenye nguzo nene kwa kamba ndefu kidogo, nikaenda kusimama karibu naye, basi. Nimesimama tu, nachambua mbaazi zangu kwenye ungo. Akiruka, naendelea kuchambua. Akipumua kwa pua kama treni, naendelea kuchambua. Alipochoka kuniogopa akaanza kunishangaa, na mnyama akishaanza kukushangaa nusu ya kazi imekwisha.

Halafu kupe. Andikeni hili mahali: njia ya kwenda kwenye moyo wa ng'ombe inapita kwenye kupe. Kuna kupe wanaokaa ndani ya sikio na chini ya mkia, mahali ambapo hawezi kujikuna. Siku nilipofika kwenye sikio lake nikaanza kuwang'oa mmojammoja, lile dume lililomrusha Mutua lilifumba macho, likainamisha kichwa likaniegemea hadi nikakaribia kuanguka. Nikampa magadi kwenye kiganja. Ulimi wake ulikwaruza kama msasa. Na kila alipotulia nilisema neno lile lile kwa sauti ya chini, ya kifuani: "Simama." Sikulisema kama amri. Nilikuwa namwambia jina la kile anachokifanya.

Baadaye ndipo nikaleta kelele. Kwa maana kusimama kwenye kimya si kitu, hata kisiki kinasimama. Nilichukua debe nikatia mawe, nikalitikisa mbali, halafu karibu, halafu nyuma yake. Nikapiga sufuria na mwiko. Nikapeperusha leso yangu. Kila akishtuka, "simama", mkono shingoni, magadi. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akamuuliza mama mkwe wangu kama mke wa Musyoka anafanya kwaya na ng'ombe. Mama mkwe akamjibu kwamba ndiyo, na sauti ya tatu bado wanaitafuta.

Tukamfunga nira na Karani bila kuvuta kitu, wakala nyasi wakiwa wamefungwa pamoja. Karani alikuwa mwalimu kuliko mimi. Mwaki akitaka kuruka, yule mkongwe anakaa tu na uzito wake wote, na nira inamrudisha. Kisha wakavuta gogo, kisha plau tupu juu ya nyasi, wakajifunza na "rudi", yaani kupiga hatua nyuma. Mutua alikuwa anapita akitikisa kichwa, lakini niliona siku hizi anapita polepole zaidi.

Mvua ikanyesha usiku, na asubuhi mlima wote ukanukia. Harufu ile mnaijua. Kila boma lilikuwa shambani. Yule mtu wa bucha naye alikuja, akakaa juu ya jiwe kwenye tuta la chini pamoja na Mutua, anangoja kuona. Shamba letu lilikuwa limekatwa matuta, ngazi juu ya ngazi, na ukingo wa kila tuta ulikuwa unafika urefu wa mtu. Mzee akashika kamba ya pembe mbele. Mimi nikashika plau nyuma. Tukaanza.

Wakavuta! Nyinyi hamjui furaha mpaka muone udongo mwekundu unapinduka mbele ya miguu yenu, unameta, na dume mliloambiwa ni la bucha linaenda bega kwa bega na Karani. Nililia na kucheka, jasho na machozi vikaingia mdomoni. Tulipofika mwisho wa tuta tukageuka, tukarudi. Tukageuka tena.

Kwenye kugeuka, plau hulazwa ubavuni na mnyororo hulegea chini. Mzee alikuwa anarudi kinyumenyume ubavuni mwao kuwapisha ng'ombe nafasi, hadi akafika nyuma ya nira. Mguu wake ukaingia kwenye kitanzi cha mnyororo, na wakati uleule ukingo uliolowa ukameguka. Akaenda chini kwa mgongo. Nusu ya mwili ikaning'inia nje ya tuta, mguu mmoja umebaki juu, umekazwa na mnyororo kwenye kifundo. Ng'ombe wakienda mbele hatua moja, mguu unavunjika. Wakikimbia, wanamburuta mpaka bondeni.

Na radi ikapiga.

Ilipiga karibu, ile ya kupasua mbingu. Niliona ngozi ya Mwaki ikikimbia mwilini mwake kutoka shingo hadi mkia. Kichwa kikapanda juu. Macho yale meupe yakarudi. Nikasema, kwa sauti ya kifuani, "Simama."

Akasimama.

Nataka mnielewe vizuri, maana ndicho kilichonifanya niwasimulie haya yote. Hakusimama kama kitu kilichochoka. Nguvu zote zilikuwepo, zile za kubomoa ua na kumrusha mwanamume kwenye miiba. Nilizisikia. Pete za mnyororo zilikuwa zinagongana, tiki tiki tiki, kwa jinsi alivyotetemeka. Alitaka kukimbia kuliko anavyotaka maji, na hakukimbia. Ng'ombe aliyepigwa mpaka akavunjika moyo angelala chini amfinye Mzee zaidi. Huo ni unyonge. Mwingine asiyejali angeendelea kutafuta nyasi; huo ni ulegevu. Huyu alikuwa amebeba nguvu zake kama mtu abebavyo mtungi uliojaa pomoni.

Nikasema, "Rudi." Mwaki akarudisha mguu nyuma, kuelekea kule kule alikoanguka mtu, na Karani naye akarudi. Mnyororo ukalegea. Ilibaki mkono wa kuutoa ule mguu. Na hapo mimi nikaganda. Mguu wa baba mkwe! Nimeishi boma lile miaka na sijawahi kugusa hata kivuli chake. Mutua alikuwa anapanda mbio lakini bado yuko mbali.

Kutoka chini ya ukingo, kichwa kwenye matope, nikasikia sauti ya Mzee, taratibu kabisa:

"Karani. Mwambie huyo mama leo nthoni ipumzike."

Nilipiga magoti nikashika ule mguu kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mwepesi, mkavu, wa mzee. Nikaugeuza polepole, kisigino kwanza, nikautoa. Kisha nikamshika mikono nikamvuta juu, tukakaa kwenye matope tunahema, na wale ng'ombe wawili wamesimama juu yetu, mvua inawachuruzika, hakuna aliyewashika.

Mutua alifika. Alimtazama baba yake, akamtazama Mwaki kwa muda mrefu, halafu akamgeukia yule mtu wa bucha aliyekuwa nyuma yake. "Rudi tu, ndugu," akamwambia. "Hii ng'ombe iko na kazi." Tukamaliza kulima kabla udongo haujakauka, Mutua akiwa mbele na kamba. Kiboko sikukiona tena.

Kuvunja nthoni kuna taratibu zake. Mzee alipopona kifundo alitoa mbuzi, watu wakaitwa, ikaliwa, na kuanzia siku hiyo tukaruhusiwa kusemezana. Mnataka kujua neno la kwanza aliloniambia uso kwa uso? Boma lote lilisogea karibu kusikia. Akakohoa, akasema, "Wewe mama, pale kwa kugeuka unalaza plau mapema sana." Nilicheka hadi nikaangusha sahani ya nyama.

Habari ilienda mbali kuliko mimi. Watu wakaanza kuniletea ng'ombe wao, kisha wakaanza kuniita niende. Nimefunza vikundi vya akina mama kule Salama, nimefunza wanaume wazima Makindu ambao mwanzoni hawakutaka kunitazama. Pale Makindu kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema sana, aliyesikia nafunza kwa upole akauelewa vingine. Ng'ombe wake akisimama katikati ya mfereji kula magugu, naye anangoja na kofia mkononi. Nikamwuliza mbona haendi. "Sitaki kumsumbua," akanijibu. Jua likazama na tuta moja halijaisha. Ilibidi nimwambie kwamba dume anajua ukweli haraka kuliko sisi: anataka mkono unaomaanisha unachosema, usioumiza. Akajaribu, akaweza, na ng'ombe wake alionekana kushukuru kuliko yeye.

Baadaye trekta zikaja kwa wenye mashamba tambarare, na nyumba nyingi zikaacha ng'ombe. Sina ugomvi na trekta. Lakini haijapanda tuta la Kikima hadi leo, na wanaonipigia hodi kuniuliza mambo ya magadi na kupe bado wapo.

Karani alikufa kwa uzee, Mwaki naye baada yake, tukawazika kwenye ukingo wa lile tuta badala ya kuwala, na watu wakasema tena kwamba boma letu limerukwa na akili. Mzee Nzioka aliishi mpaka miaka ya tisini. Mwisho alilala kitandani, amekuwa mwepesi kama jani, na akakataa chakula. Wanawe walikuja kutoka Nairobi na Mombasa. Mutua alimsihi, mume wangu alimwamuru, muuguzi wa zahanati alimtisha na sindano. Mzee akafunga mdomo akageukia ukutani. Wote walikuwa wanaongea kwa sauti kubwa, kama asiyekula amekuwa kiziwi.

Niliwaomba watoke. Nikachukua kikombe cha uji wa wimbi, nikaketi mlangoni, mbali kidogo kama zamani, nikatazama nje. Nikasema kwa ile sauti ya kifuani:

"Karani, mwambie Mzee uji unapoa."

Kuku mmoja akapita. Nikangoja, kwa sababu kungoja ndiyo kazi niliyofunzwa kule shambani. Halafu blanketi ikasogea.

"Karani," ikatoka sauti ndogo, "mwambie mwanangu alete."

Nilikwenda nikamwinua kichwa, nikamwekea kikombe mdomoni. Nilikuwa nimekikamata kwa nguvu zangu zote hadi uji ukamwagika kidevuni. Akameza, akapumzika, akanitazama kwa jicho moja.

"Karani," akasema, "mwambie alegeze mkono. Hiyo kikombe haitoroki."